Video ya baba ina picha haina sauti: nilivyohangaika na player za Linux hadi kaburi likapata maandishi

Wakuu, kamwene.

Ndiyo salamu ya kwetu Njombe, na haichagui saa. Ninayoandika hapa yamenipata mwenyewe na sijatia chumvi. Dada yangu yupo hai, anaweza kunikanusha muda wowote, na kazi hiyo huwa anaipenda.

Wengine mnanikumbuka kwa ule uzi niliouliza ni player gani kwenye Linux inafungua 3gp na sauti yake. Mlinijibu, mkauliza imekuwaje, mimi nikapotea. Leo nimerudi kusema imekuwaje. Ni ndefu kidogo, wekeni chai karibu.

Nianze na mimi ili tuelewane.

Nimeishia kidato cha nne. Nimevuka arobaini. Nyumbani ni Yakobi, pembeni ya mji wa Njombe, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu nimeilaza kwenye vyumba vya kupanga. Tunduma, Kahama, Ifakara, Dar, Kahama tena. Sikufukuzwa na mtu popote. Nilikuwa nikikaa mahali mwaka na nusu, asubuhi moja naamka naona barabara inaniita, nafunga begi.

Sasa hivi nipo Makambako. Nina kibanda cha stationery karibu na stendi, natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi na risala za harusi.

Laptop ya kibanda nilinunua kwa Hamadi, jirani yangu anayeuza spea za malori. Yeye aliipata kwa mwalimu mmoja aliyehama mkoa, na ndani yake ilikuwa na Linux. Hamadi alitaka anitafutie kijana aitoe, nikamwambia iache hivyo hivyo. Virusi vya flashi za wateja vilishaniulia mashine mbili, hii ikawa haiugui.

Hamadi hakunielewa. Kila akipita ananichungulia dirishani. "We Mbena, bado unaendesha hiyo ndege yako?"

Namjibu ipo angani.

Kwenye laptop hiyo nina folda moja naiita Safari. Humo nimetupia kila kitu nilichobeba kwenye kadi za simu miaka yote. Kuna sauti ya amr ya mvua juu ya bati Kahama, niliirekodi kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwambia mvua inanyesha. Kuna wma za kwaya, nilipewa na mlinzi mwenzangu Dar. Kuna flv ya harusi ya mtu nisiyemjua, sijui niliipataje, lakini bibi harusi anacheka vizuri sana nimeshindwa kuifuta.

Mchana wateja wakipungua huwa nafungua folda hiyo. Ukungu unakuwa umeshuka mpaka kwenye paa za maduka, malori yanapita taratibu na taa zimewashwa, na mimi nipo Ifakara, nasikia vyura.

Kwangu kila format ni kipindi. Nikiona 3gp naona simu ndogo ya kubonyeza na kioo ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Nikiona mkv najua hapo nilishakuwa mtu mzima.

Nyingi zilifunguka zenyewe. Zilizokataa sikuhangaika nazo sana.

Mpaka ilipofika ya baba.

Hapa nirudi nyuma.

Nikiwa darasa la sita nilitumwa kwa shangazi Makambako, peke yangu kwenye basi. Sikulala, ila nilikuwa dirishani nikiangalia misitu ya paini inavyokwenda, miti imejipanga mistari, ukiitazama inafunguka na kujifunga. Basi likafika Makambako, likasimama, likaondoka. Mimi bado natazama miti. Nilikuja kushtukia nipo Mafinga.

Baba alinifuata kesho yake. Hakunipiga. Alininunulia mahindi ya kuchoma, tukarudi tukiyatafuna.

Tangu siku hiyo dada yangu Edina ananiita Mafinga. Mpaka leo, mbele ya watu, Mafinga. Watoto wake wanajua ndilo jina langu.

Sasa twende kwenye video.

Nikiwa na miaka ishirini na kitu nilirudi nyumbani baada ya kuzunguka, nikakaa miezi michache nikachoka. Baba alitaka nibaki nilime naye viazi. Tulipishana maneno, mazito kidogo, na siku mbili za mwisho hakunisemesha kabisa. Nikamwambia naenda Makambako kumsaidia shangazi kazi ya mbao. Ulikuwa uongo. Mfukoni nilikuwa na tiketi ya Dar.

Alinisindikiza mpaka stendi ya Njombe hivyo hivyo, kimya. Edina alikuja naye. Alikuwa na simu mpya ya kamera, akawa anarekodi kila kitu, mpaka mbwa wa stendi.

Nilikaa dirishani. Injini inanguruma, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi. Baba akasogea karibu na mlango wa basi, akainua uso, akasema kitu. Akaelekeza mkono barabarani. Basi likaondoka.

Sikumwona tena. Alifariki nikiwa Kahama, na nilifika siku ya tatu baada ya maziko.

Simu ya Edina ilishakufa zamani, lakini kadi aliitoa. Miaka ya nyuma aliipeleka kwenye kiduka kimoja cha kuingiza nyimbo, wakambadilishia ile video kuwa mp4 ili iingie kwenye simu ya kisasa. Ikaingia. Picha ipo, sauti hakuna. Kijana wa pale akamwambia video za zamani ndivyo zilivyokuwa.

Kwa hiyo familia nzima tuna baba bubu kwenye simu. Sekunde ishirini na moja. Koti lake la kahawia, kofia ya sufu, mdomo unafunguka, mkono unanyooka.

Edina ana hakika alichosema. "Alisema Mungu akutangulie. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika simu, nilimsikia kwa masikio yangu."

Mimi sikuwahi kubishana naye. Ila hiyo video nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia, na midomo ya baba haianzi na Mungu. Mwanzoni ameinamisha uso, kofia inamficha; anapouinua, neno la kwanza kuonekana linaanza na "usi". Nimeisimamisha hapo, nikairudisha, nikaisimamisha tena. Ni "usi", halafu mdomo unafumba, na mkono unaonyesha barabara.

Mimi nilisoma: usirudi.

Sikumwambia mtu. Nadhani ndiyo sababu mojawapo sikuwa nakaa sana kila nilipokuja nyumbani baada ya msiba.

Mwaka huu kiangazi tukakubaliana tujengee kaburi la baba. Muda wote huo lilikuwa udongo na msalaba wa mbao uliokwishaoza mguu. Tukampata fundi Lazaro wa hapo hapo Yakobi. Lazaro hatumii marumaru. Anapiga plasta ya saruji, akishailainisha anaandika kwa msumari kabla haijakauka, jina, miaka, na chini neno moja la marehemu. Huo ndio utaratibu wake, na kwa Yakobi nzima makaburi aliyojenga yeye yana neno la mwenyewe, kitu alichopenda kusema. Kuna bibi mmoja pale ameandikiwa "Karibuni ndani."

Lazaro akauliza neno la mzee.

Edina akasema andika Mungu awatangulie.

Mimi nikasema subirini.

Dada akanigeukia. "Subirini nini, Mafinga? Neno lenyewe ndilo hilo."

Nikasema kabla ya kuandika kitu kwenye saruji tusikie kwanza. Akanikumbusha kwamba video haina sauti, hata mtoto anajua. Nikamuuliza kadi yenyewe iko wapi. Akaingia ndani, akaitoa kwenye jalada la plastiki la Biblia, imefungwa kwenye karatasi ya daftari.

Lazaro akatupa mpaka Jumamosi. Akasema saruji akishaikoroga haiwezi kungoja ndugu wapatane.

Nilirudi Makambako na ile kadi mfuko wa shati, nikiishika kila baada ya dakika tano.

Kwenye simu yangu iligoma. Ikaandika kadi imeharibika, je, tuifute? Wakuu, nilivyoichomoa ni kama nimeshika moto.

Kwenye laptop, kwa kile kisomea kadi cha USB, ikasoma. Polepole, ikikwamakwama, lakini ikasoma. Nikanakili kila kitu kabla sijagusa chochote. Faili lilikuwepo, 3gp, la asili, halijabadilishwa na mtu.

Nikabonyeza. Baba akatokea. Mdomo ukafunguka.

Kimya.

Nilikaa nikitazama. Nje Hamadi alikuwa anagombana na dereva kuhusu rejeta, nasikia kila neno lao, na baba yangu hapa mbele yangu simsikii.

Hapo ndipo nikaanza kuhangaika. Nikafikiri tatizo ni player. Nikaweka nyingine, kimya. Nikaweka ya muziki, ikasoma jina la faili na urefu wake, kimya. Nikaweka ya tatu yenye vitufe vizuri vya rangi, ikanionyesha baba kwa unadhifu zaidi, kimya.

Ndipo nikaandika ule uzi.

Mkuu mmoja humu, sitamtaja lakini anajijua, aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. Aliuliza ile player ya kwanza iliandika nini pale chini. Kweli kulikuwa na ujumbe mdogo nilikuwa naufunga bila kuusoma. Unasema haina kisimbuzi cha AMR.

Akanielewesha vizuri, nami nawapa kama nilivyoelewa. Faili la 3gp ni kama kapu. Ndani kuna picha na kuna sauti, kila moja imefungwa kwa namna yake. Sauti za simu za zamani nyingi zilifungwa kwa AMR. Player zangu zote tatu zilikuwa zinachota kisima kimoja chini kwa chini, kinaitwa GStreamer. Nikibadilisha player ni kama nabadilisha ndoo, kisima ni kile kile.

Akasema nina njia mbili. Niweke VLC au mpv, ambazo hazichoti kwenye kisima hicho. Au nikitajirishe kisima chenyewe kwa vile vifurushi vyake vya ziada. Na hapa nilicheka peke yangu, kwa sababu vifurushi hivyo wameviita good, bad na ugly. Mzuri, mbaya, na mwenye sura mbaya. AMR yangu ilikuwa kwa mwenye sura mbaya.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: si ungehamishia hilo faili la asili kwenye simu ujaribu? Mkuu, sikuwaza. Simu ilishaniambia kadi imeharibika, na kwenye simu hiyo hiyo nilikuwa nimezoea kumwona baba bubu. Nikaamini simu haina masikio. Hilo ni kosa langu, cheka, halafu tuendelee.

Ijumaa nikawasha hotspot, nikashusha kifurushi cha ugly, nikaongeza na VLC ikae akiba. Viliingia bila shida.

Hamadi akaja dirishani. Alikuwa anajua habari yote, nilishamsimulia, isipokuwa ile ya usirudi. Akauliza tayari? Nikamwambia tayari. Akasema basi fungua tumsikie mzee.

Nikafunga laptop.

Akanitazama. Hamadi ana mdomo, lakini siku ile hakutania. Alisema tu, "Baba yangu mimi hakuacha hata picha. Wewe kamsikilize, vyovyote alivyosema."

Nikamwambia kesho, na dada.

Jumamosi nikapanda basi la asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito mpaka paini zinaonekana nusu, shina bila vichwa. Nilikaa dirishani na laptop magotini. Nilikuwa nafikiria kwamba nikimsikia anasema usirudi, nitakuwa nimesafiri kilomita sitini kwenda kuambiwa nisirudi. Nilifikiria pia kwamba Lazaro angeweza kuandika Mungu awatangulie, yakaisha, na Edina akabaki na baba yake.

Nilipofika Lazaro alikuwa ameshapiga plasta, anailainisha kwa mwiko. Iling'aa kama maji yaliyotulia. Edina alikuwa ameleta kiti kimoja na chupa ya chai.

Nikamwambia kwanza kitu ambacho sikuwahi kumwambia. Nikamwambia mimi huwa naona baba anasema usirudi.

Nilitegemea atanikemea.

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Ndiyo maana ulikuwa ukija hata viatu hufungui kamba?"

Akavuta kiti, akanikalisha mimi, yeye akasimama nyuma na mkono begani kwangu. Akasema fungua.

Nikafungua.

Kwanza ikaja injini. Halafu upepo kwenye kipaza sauti, fuu, fuu. Halafu kuku, kumbe kulikuwa na mtu ana kuku kwenye tenga. Halafu Edina mwenyewe, kijana, anasema, "Baba, angalia huku." Mkono wake begani kwangu ukakaza.

Halafu baba. Sauti nyembamba kuliko nilivyoikumbuka, ya mtu anayejitahidi kuishinda injini.

"Konda. Huyu kijana ni wa Makambako. Akisinzia muamshe. Usimpitilize."

Konda haonekani kwenye picha, amesimama mlangoni, lakini anasikika anacheka. "Mzee, mtu mzima huyu."

"Mimi ndiye ninayemjua," baba akasema. Akanyoosha mkono kuelekea barabara ya Makambako.

Basi. Sekunde ishirini na moja.

Hakuwa anasema na mimi kabisa, wakuu.

Edina alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, kanga yake ikaingia kwenye mchanga wa fundi. Mara nikaona mabega yake yanakwenda vingine. "Nilimsikia," alikuwa anasema. "Nilisema nilimsikia. Kumbe alikuwa anaongea na konda."

Mimi nilikuwa nimekumbuka kitu kingine.

Siku ile basi lilipofika Makambako, konda alikuja mpaka kwenye kiti changu akagonga chuma cha kiti. Akasema kaka, Makambako hapa, shuka. Nikamwonyesha tiketi yangu ya Dar. Akaiangalia, akaniangalia, kama mtu mwenye neno mdomoni. Akarudi mlangoni. Basi likasimama pale muda mrefu kuliko kawaida, abiria wakaanza kulalamika. Nilifikiri wanapakia mizigo.

Sasa najua alikuwa ananisubiri.

Mimi nikawa natazama miti.

Lazaro alikohoa. Aliuliza kwa upole, kwa sababu plasta ilikuwa inaanza kushika, neno ni lipi.

Edina akajifuta uso kwa upande safi wa kanga. Akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali, na yeye akatikisa.

"Andika Usimpitilize."

Lazaro akashika msumari hewani. "Nani asimpitilize nani?"

"Wewe andika, fundi."

Akaandika. Herufi zake ni za shule ya zamani, z ina mkia. Lipo pale Yakobi, chini ya jina na miaka, ukipita barabara ya kwenda mashambani unalisoma.

Jumapili iliyofuata mchungaji alikuja kubariki kaburi. Akainama akasoma, akasema hiyo ni sala nzuri sana. Hatukumsahihisha. Nimelifikiria baadaye nikaona hajakosea.

Hamadi nilimsimulia Jumatatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda dukani kwake, akarudi. "Kwa hiyo wewe umechelewa kushuka Makambako kwa miaka kumi na kitu." Nikamwambia ndiyo. Akasema karibu basi, jirani.

Nilichojifunza, kwa wenzangu wenye kadi za zamani:

Nakili faili la asili kabla ya kufanya chochote, na usimwachie mtu alibadilishe halafu ukatupa lile la kwanza. Sauti ya baba haikupotea kwenye simu ya Edina, ilipotea pale lilipobadilishwa.

Ukiwa Linux, usikimbilie kubadili player kama nilivyofanya. Soma ule ujumbe mdogo kwanza. Mara nyingi kinachokosekana ni kodeki, yaani kile kisimbuzi cha kufungulia sauti au picha.

Na lingine halihusu kompyuta. Kama kuna kitu umekisoma kwenye midomo ya mzazi na hukukisikia, usijenge maisha juu yake.

Jana nimetoka nyumbani tena. Nilikaa siku nne, Edina akanichoka. Nikirudi, basi lilipopunguza mwendo kuingia Makambako, konda hajafungua hata mdomo, mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni na begi.

Sasa niambieni nanyi. Nani ana faili ambalo halijasema mpaka leo? Andika ni format gani na ni sauti ya nani, tulitafutie dawa humu humu.